Mihogo Iliyofika Ingali Moto

Mavyaa wangu alifariki Alhamisi asubuhi, akazikwa baada ya swala ya alasiri, na kufikia magharibi wifi yangu Maimuna alikuwa ameshasimulia kifo cha mamake mara nyingi hata sauti imemkauka. Nilimkuta kwenye chumba kikubwa cha juu, ameegemea ukuta, miguu ameikunjia upande mmoja. Kila walipoingia wanawake wapya, wakaacha viatu mlangoni na kusema makiwa, lazima mmoja wao angefuta macho na kuuliza ilikuwaje. Maimuna alianza upya. Aliamka vizuri, akaswali, akaomba chai ya maziwa. Niliposikia mara ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa tu. Baadaye ilikuwa chai ya maziwa ambayo hakuimaliza. Kisha kikapatikana kikombe chenyewe, kile cha maua mekundu alichokipenda, kimebaki nusu, na hakuna aliyethubutu kuimwaga hiyo chai. Kifo walikisikia kwa macho makavu, kwani mwanamke alikuwa mzee na presha yake kila mtu aliijua. Walipofika kwenye kikombe ndipo walipolia. Mimi nilikaa pembeni, leso nimeivuta hadi kwenye nyusi, na sikulia. Walionitazama waone kama nitalia walikosa walichokuja kukitazama. Maimuna simlaumu. Alikuwa anafanya kazi aliyoiona ikifanywa na mamake mzazi katika chumba kilekile, juu ya mkeka uleule, na mimi ndiye niliyekuwa mke wa maiti siku hizo.

Chumba hicho nakijua kuliko ninacholala sasa. Nilikaa eda kwenye chumba cha pili yake, tumetenganishwa kwa pazia tu, mwaka aliofariki mume wangu Athman. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto wa kike wa miaka minne. Wanaosema mwanamke wa eda yuko mapumzikoni hawajakaa eda katika nyumba ya mavyaa. Dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa. Kwenye ukuta ule palikuwa na bomba linalovuja lililochora doa la kijani, nami nikalitazama doa lile likikua kama watu wanavyotazama shamba lao. Sikutoka, sikujitia mafuta mazuri wala dhahabu, sikukaribia dirisha kama kuna mwanamume chini. Ujia ulipita chini yangu na maisha yote ya Mji wa Kale yakapita nao: honi za pikipiki kwenye kona, watoto wa chuoni wakirudi wamenawa nyuso, wauza maji wakigombana na mikokoteni. Jirani alikuwa akifungulia tamthilia zake zilizotiwa maneno ya Kiswahili kwa sauti ya kusikika mpaka baharini. Nikazifuata kwa masikio tu. Niliwajua wale watu wote kwa sauti, nani msaliti na nani mjinga, na mpaka leo sijui sura ya hata mmoja. Chakula nililetewa kwenye sinia, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na mchuzi ulioiva vizuri kuliko hamu yangu. Alasiri, sinia likishaondolewa, pazia lilifunguliwa nikatolewa nikae na wageni.

Kabla sijafika kwa wageni nieleze kilichotokea. Nitaeleza kwa ufupi kwa sababu chenyewe ni kifupi. Athman alikuwa fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, na siku ile alirudi mapema, nguo zinanuka dizeli na samaki kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni nampikia mamake samaki asiye na chumvi. Daktari alikuwa amekataza chumvi na vya kukaanga, na aliyepewa kazi ya kulinda amri hiyo ni mimi, mgeni wa nyumba. Kopo la chumvi nililificha nyuma ya mtungi wa gesi. Bi Rukia, mavyaa wangu, alikula mapishi yangu bila kusema neno, na kule kutosema neno kwake kulikuwa matusi tosha. Athman akachungulia jikoni, akaniambia, "Mama ana hamu ya mihogo ya Mama Ngina. Nakwenda na kurudi." Nikamwambia chumvi ile itamuua mamake. Akatabasamu akashuka. Nilimsikia mavyaa akimfuata mpaka kwenye ngazi, akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukishika. Nikamsikia Athman akicheka. Alicheka kile kicheko chake cha kufungua kinywa chote, kikapanda ngazi kikaja jikoni. Halafu pikipiki ikawaka. Hakufika Mama Ngina, kule mbele ya bahari wanakouza mihogo. Lori lilikuwa likirudi nyuma kutoka kwenye yadi, dereva hakumwona. Jirani mmoja ndiye aliyetuletea funguo na simu. Mihogo haikununuliwa. Hayo ndiyo yote.

Siku ya pili ya msiba chumba kilijaa hata wengine walikaa kwenye ngazi. Mbele kabisa alikaa Bi Shamsa, jirani wa mlango wa tatu, mwanamke ambaye hakukosa msiba wala harusi wala ugomvi katika mtaa ule, na ndiye aliyeuliza. Ilikuwaje, Rukia? Alikuwa anakwenda wapi mtoto? Mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mavyaa, na mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono tangu asubuhi. Vidole vilikuwa vya baridi. Akasema, "Mkewe alikuwa na hamu ya mihogo."

Nikageuka nikamtazama. Hakunitazama. Mkono ukanibana zaidi. Watu wananiuliza kwa nini sikusema palepale, na wanaouliza hivyo wote ni watu ambao hawajazika mume. Ningesema nini? Mbele ya wanawake wote wale ningemwambia mama wa maiti, wewe ndiye uliyemtuma? Nilidhani ananiomba kitu cha siku moja. Nilidhani anaazima mahali pangu apumzike kidogo, kama mtu anavyoazima kiti, kisha atanirudishia. Nikanyamaza. Wanawake wote wakanigeukia mimi kwa pamoja, na nikaona nyuso zikibadilika. Walikuwa bado wananihurumia, lakini ilikuwa huruma ya kumtazama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Basi hadithi ikakaa. Na Bi Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Hakuanza kumsimulia mtu aliyesimama. Mgeni akiingia na swali lake mdomoni alimwambia, "Keti kwanza." Akamngoja mpaka avue buibui, apangilie leso, apokee kikombe cha kahawa, na kimya kile kikawa kinamwandaa mgeni kama wembe unavyonolewa. Alianza mbali. Alianza na Athman alivyokuwa mdogo akiogopa kuku. Wageni walicheka, wakaona aibu kwa kucheka, na aibu ile ikawafanya wawe wake. Ndipo alipofika kwenye mihogo. Wiki ya kwanza Athman alikwenda kununua mihogo akafa. Wiki iliyofuata alikuwa ameshanunua, anarudi. Kisha kikaja kifurushi. Jirani aliyeleta funguo na simu alileta pia kifurushi cha gazeti, na mihogo ndani yake, ndimu imeshakamuliwa, na mihogo ilikuwa ingali moto. "Ingali moto," alisema Bi Rukia, na akafungua kiganja chake mbele yao kana kwamba kifurushi kiko pale. Nyumba nzima ikalia. Mimi mwenyewe, wallahi, mara ya kwanza niliposikia ile mihogo ya moto nililia, na huku najua kwamba hapakuwa na kifurushi, hapakuwa na ndimu, hapakuwa na chochote.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya kliniki. Kwa nini mihogo? Nadhani ni kwa sababu lori halikuwafaa. Lori linalorudi nyuma si sababu ya mtu kufa. Ni jambo tu lililotokea, na ukirudi nyumbani na jambo la namna hiyo hulali, maana hata mumeo yuko nje na malori yako nje. Lakini mihogo kila mwanamke mle ndani alishakula. Alishasimama pale mbele ya bahari na watoto wake, akachoma vidole, akalamba pilipili. Bi Rukia alipotaja ndimu mate yaliwajaa vinywani huku machozi yakiwatoka, na mtu akiwa na mate na machozi kwa wakati mmoja atakuamini lolote. Halafu akirudi nyumbani ana kitu cha kufanya: hatamtuma mumewe mihogo. Amejikinga. Walikuja kumpa pole mama wa Athman, na waliondoka wamepata hirizi. Aliyelipia hirizi hiyo ni mimi, nimekaa kwenye mkeka, natazamwa.

Na hadithi ikishashiba huomba chakula kingine. Siku moja nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Bi Shamsa akimwambia mwenzake kwamba hamu ya namna ile si bure, lazima msichana ana mimba. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Tangu siku hiyo kila aliyekuja alinitazama tumbo. Nililetewa supu ya kuku, nililetewa maembe mabichi, mmoja akaniuliza kama nasikia kichefuchefu asubuhi. Bi Rukia hakusema ndiyo wala la. Alishusha macho, na wenyewe wakajaza. Nilipopata siku zangu, na Maimuna alipoona nguo nilizofua, habari ilishuka ngazi kabla maji hayajakauka. Hakuna mimba. Basi ile hamu ilikuwa ya nini? Nilimsikia Bi Shamsa barazani, chini ya dirisha langu, anatoa hukumu kwa huzuni kabisa. "Basi ulikuwa ulafi tu, mskini." Supu ya kuku ikakoma kuja. Nami niko juu, kwenye kile chumba, siwezi hata kuchungulia dirishani nikamwagia maji.

Haya yote ningeyameza. Nimemeza mengi. Lakini binti yangu Nuru alikuwa akicheza kwenye chumba kikubwa kila alasiri, kati ya magoti ya wanawake, na hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa miaka minne ana masikio. Siku moja nilimkuta chumbani kwangu amepanga vifuniko vya chupa kwenye mkeka, kifuniko kimoja kikubwa na vingine vidogo vimekizunguka. Nikamuuliza wale ni nani. Akasema ni wageni. Akakiambia kimoja kikae kwanza. Akaanza, kwa sauti ya bibi yake, na kituo cha bibi yake, hata ile pumzi ya katikati. "Mama alitaka mihogo. Akamtuma Baba. Baba akafa." Akafungua kiganja chake kidogo. "Ingali moto."

Aliposema hayo hakunitazama kwa chuki. Angenitazama kwa chuki ingekuwa afadhali. Alisema kama anavyosema jua limetoka. Mimi nilimwua baba yake kwa mihogo, na ndivyo dunia ilivyo, sasa tucheze. Nikasimama pale na sinia mkononi na nikajua kwamba kile kiti nilichoazimisha hakirudi, na kwamba mwanangu atakua amekaa juu yake.

Nikamngoja mavyaa amalize swala. Alikuwa bado juu ya msala, tasbihi mkononi, nikakaa mbele yake chini. Nikamwambia kwamba Nuru anaisimulia hadithi yake. Akatabasamu, alidhani nimekuja kumsifu mtoto. Nikamwambia, "Mama, irekebishe. Sema ukweli, au sema hakutumwa na mtu. Sema alitaka mwenyewe. Sitaki kitu kingine."

Tasbihi ikaendelea kupita vidoleni mwake. Nilisikia tamthilia ya jirani ikianza na ule muziki wake.

"Wewe utaolewa, mwanangu," akasema. "Kijana wewe. Utakwenda kwa watu wengine na mihogo hii hawataijua. Mimi nakwenda wapi? Mimi nikiwa ndiye nilomtuma, nitakuwa nilomtuma mpaka waniingize mwanandani mwa kaburi."

"Na Nuru?"

"Nuru mtoto. Atasahau."

"Hasahau. Hilo amelirithi kwako."

Akanitazama mara ya kwanza tangu msiba uanze, na macho yake yalikuwa makavu na yamechoka kabisa. Akasema, polepole, "Niachie. Usinitoe humu, sina pa kukaa." Kisha akageuka kibla akaendelea na nyuradi zake. Nilitoka pale nimemhurumia, na nilimchukia kwa sababu nimemhurumia, na mambo hayo mawili sijafaulu kuyatenganisha mpaka leo, na ameshazikwa.

Kesho yake wageni walipokuja sikungoja. Mgeni aliuliza, na kabla mavyaa hajamwambia aketi nikasimama mimi. Nikasema mihogo haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama, yeye ndiye aliyekuwa na hamu. Nikasema hapakuwa na kifurushi, Athman alikufa anakwenda, hakufika hata mbele ya mwuzaji. Nilisema haraka, sauti juu, kama mwanafunzi anayejitetea mbele ya mwalimu mkuu. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikamaliza, na nikaona hakuna hata mmoja aliyenisikia. Walikuwa wananitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyeanguka. Mavyaa akaanza kulia, na yalikuwa machozi ya kweli, naye hakuwa akilia kirahisi. Wote wakamkimbilia yeye. Bi Shamsa akanishika mabega akanikalisha, akasema, "Uchungu umemzidi, mskini." Nikamwambia sina uchungu uliozidi, nasema kilichotokea. Akanijibu kwa upole mkubwa. "Mwanangu, mihogo mimi niliiona kwa mato yangu. Nilikishika kile kifurushi. Kilikuwa moto."

Alikuwa hasemi uongo. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alikuwa amekishika kweli, mara nyingi, kila alasiri, kwenye kiganja cha Bi Rukia. Mimi nilikuja na ukweli mkavu, umesimama, hauna ndimu, nikautupa katikati ya watu waliokwisha kushiba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya shule na hakuna aliyenifundisha kwamba jambo la kweli nalo linahitaji kuvishwa nguo kabla ya kutolewa mbele za watu.

Eda ilipoisha walinitoa kama desturi ilivyo, wakaniosha, wakanifukiza udi, wakanivisha nguo mpya. Bi Shamsa alipiga kigelegele kizuri kuliko wote. Nikamchukua Nuru nikahamia Tudor, kwa shangazi yangu, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo lifti yake haijawahi kufanya kazi. Nilidhani nimetoka. Lakini Nuru alikuja na ile hadithi kwenye mkoba wake wa nguo. Aliwasimulia watoto wa ngazini, aliwasimulia wenzake wa shule ya chekechea, na mwalimu akaniita akaniuliza kwa sauti ya upole kama nyumbani mambo ni mazuri. Nikampa Nuru ukweli, tena na tena, nikimsuka nywele Jumapili, yuko katikati ya magoti yangu hawezi kukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ya Bibi ni tamu zaidi."

Nilitaka kumpiga. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Badala yake niliendelea kusuka, nikavuta mstari mpaka akalia, na nikiwa nasuka nikajiuliza Bi Rukia angefanya nini hapa. Angeanza mbali. Basi Jumapili iliyofuata nikamwambia Nuru aketi kwanza. Nikaanza na kopo la chumvi nililoficha nyuma ya mtungi wa gesi. Akacheka. Nikamwambia samaki wangu alivyokuwa na ladha ya maji ya mvua. Nikamwambia baba yake alivyochungulia jikoni, na harufu yake, na Bibi alivyomfuata kwenye ngazi akamwambia neno. Na Baba akacheka. Nikakifanya kile kicheko, kwa kadiri ninavyoweza, kinywa wazi. Nuru akageuza kichwa, nywele zikanitoka mikononi.

"Alicheka nini?"

"Sijui. Sikusikia."

"Bibi alimwambia nini?"

"Nimekwambia sikusikia."

Akafikiri. Akaniambia nirudie kuanzia kwenye kopo. Na hapo nilijua nimempata, na kilichompata si kitu nilichomwambia, bali kile nilichokosa kumwambia. Mihogo ya moto ilikuwa imekwisha; mtu akishaishika hana cha kuuliza. Kicheko kilikuwa na shimo, na mtoto akawa anarudi kwenye shimo kila Jumapili, anatia kichwa anachungulia. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka ule ukaisha. Hadithi ya Bibi akaiacha yenyewe, kama nguo iliyombana. Lakini hata mimi niliingia mle shimoni. Miaka yote hii, mwanamume wangu alicheka mara ya mwisho kwa jambo fulani, na jambo hilo alikuwa nalo mwanamke mmoja, na mwanamke huyo sikuzungumza naye zaidi ya salamu. Nuru nilimpeleka kwake Jumamosi kwa Jumamosi kwa sababu ni bibi yake. Nilimwachia mlangoni nikageuka. Sikupanda juu.

Nimepanda juzi, baada ya miaka saba, kwa ajili ya msiba. Ukuta wa jirani umepakwa rangi, doa la kijani limefunikwa, bomba bado linavuja. Nuru ana miaka kumi na mmoja sasa, mrefu kama mimi, na alikuwa akipitisha kahawa kwa wageni kwa adabu ambayo sijui ameitoa wapi. Alipofika kwa Bi Shamsa, ambaye sasa hasikii vizuri na kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya chumba kizima, bibi yule alimshika mkono akamwangalia. Akawaambia waliokuwa karibu kwamba huyu ndiye mtoto wa yule mskini alokufa kwa mihogo ya mkewe. Wanawake wote wakanitafuta kwa macho. Maimuna akainama. Nikahisi mkono wa baridi kwenye kifundo cha mkono wangu, na mwenye mkono alikuwa ameshazikwa.

"Hapana, Bi Shamsa," Nuru akasema. Hakupandisha sauti. Akaweka sinia la kahawa chini, akakunja nguo yake, akaketi mbele ya Bi Shamsa, na akangoja. Alingoja mpaka minong'ono ikafa. "Mihogo ilikuwa ya Bibi. Daktari alimkataza chumvi, na Mama alikuwa ameificha chumvi yote ndani ya nyumba. Bibi akamfuata Baba kwenye ngazi, akamwambia, waambie watie chumvi mpaka wachoke, na yule polisi wako wa jikoni asijue. Na Baba alikuwa ameshamwambia polisi. Kwa hivyo akacheka."

Sehemu hiyo sikumpa mimi. Sikuwa nayo. Ingeweza kutoka mahali pamoja tu, Jumamosi moja kati ya Jumamosi zile zote, kwenye chumba hiki, mtoto ameuliza swali lake na mwanamke mzee amemwambia aketi kwanza. Kwangu hakusema. Kwa mtaa hakusema. Aliniacha na ulafi wangu miaka saba, na bado nina hasira, na hasira yenyewe ni yangu na sitamgawia mtu. Lakini kwa yule mmoja ambaye nilimwomba kwa ajili yake, alirekebisha.

Polisi wa jikoni. Nilimwona Athman kwenye ngazi, mkono kwenye ukuta, anageuza kichwa kuangalia jikoni kama nimesikia. Nikacheka. Msibani, mbele ya watu, leso ikaniteleza kichwani, nikacheka kinywa wazi mpaka machozi yakanitoka. Bi Shamsa akanifikia, akanipigapiga mgongo, akawaambia wenzake uchungu umemzidi. Sikumbishia.

Mlangoni waliingia wengine, wawili, wanavua viatu. Maimuna alijaribu kufungua kinywa, sauti haikutoka, akanitazama mimi. Mmoja wa wale wageni akasema makiwa, na akiwa bado amesimama, mkoba begani, akauliza ilikuwaje kwa Bi Rukia.

Nikaivuta leso nikaketi sawa.

"Keti kwanza," nikamwambia.